Dawa za Baridi Yabisi na Madhara Yake: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi wa Kibirichia

Mazungumzo ya leo ni ya wale wanaougua baridi yabisi na wale wanaoishi nao nyumba moja, na yanahusu zaidi dawa kuliko ugonjwa wenyewe. Sababu ni kwamba wagonjwa wengi hawashindwi na ugonjwa. Wanashindwa na dawa, au na hofu ya dawa, kisha ugonjwa unapata nafasi.

Kila anayeishi huku juu anazijua asubuhi za Kibirichia. Ukungu bado uko shambani, ng'ombe anasubiri kukamwa, na mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda akijaribu kufunga ngumi. Vidole havikunjiki. Viganja vimevimba kama vilivyoumwa na nyuki. Itapita saa moja, pengine mbili, kabla ya mikono kulegea kiasi cha kushika chuchu ya ng'ombe au mpini wa jembe. Mahali panapoishi kwa waru na maziwa, mikono ikikataa kazi nyumba nzima huyumba.

Jina la ugonjwa huu limewapotosha wengi. Kwa kuwa linaitwa baridi yabisi, watu husema limeletwa na baridi ya mlima, na dawa wanayoijua ni sweta, maji moto na kumpeleka mgonjwa kwa jamaa wa Isiolo kwenye joto. Joto hufariji viungo, hilo ni kweli. Lakini baridi haikuuleta ugonjwa. Kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na viini vya maradhi, imegeuka na kuanza kushambulia utando wa ndani wa viungo. Mtu wa Mombasa huupata, na mtu wa Garissa huupata vilevile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake.

Ni vizuri pia kuutenganisha na maumivu ya magoti ya uzeeni, yanayotokana na viungo kuchakaa. Goti lililochakaa huuma zaidi jioni baada ya kazi, na likikaa asubuhi hulegea upesi. Ugonjwa unaozungumziwa hapa hukaza viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, huvimbisha vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja, huleta uchovu usioisha kwa usingizi, na huweza kumkamata mama wa miaka 35. Dawa za mmoja si dawa za mwingine. Anayeazima vidonge vya jirani kwa sababu "sisi sote tunaumwa viungo" anacheza na moto.

Kwa nini dawa haiepukiki

Dawa za ugonjwa huu ni za aina mbili, na kuzichanganya akilini ndiko kunakoleta shida nyingi. Kuna zinazotuliza maumivu na uvimbe kwa saa chache au siku chache, kama vile ibuprofeni, diklofenaki na prednisoloni. Halafu kuna zinazoushika ugonjwa wenyewe na kuuzuia usile mifupa: methotreksati, salfasalazini, haidroksiklorokwini na leflunomaidi. Hizi za pili hazisikiki haraka. Methotreksati huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla mgonjwa hajaona tofauti ya kweli.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kichefuchefu huja wiki ya kwanza, nafuu huja mwezi wa tatu. Mtu anayemeza dawa inayomtapisha huku vidole bado vimevimba hana sababu ya kuiamini, isipokuwa ameelezwa mapema. Anaacha kimyakimya, haambii mtu, na akirudi hospitalini anasema anaendelea vizuri ili daktari asimkemee. Kumbe mifupa huanza kuliwa mapema, mara nyingi katika miaka miwili ya kwanza, na kidole kilichopinda hakinyooshwi tena na kidonge chochote. Kuacha dawa nako kuna madhara yake, ila hayaandikwi kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti.

Methotreksati: siku moja tu kwa wiki

Dawa hii ndiyo inayoanza kutolewa mara nyingi duniani kote, na inastahili maelezo marefu. Kwenye pakiti jina lake huandikwa Methotrexate, na kwenye kadi ya hospitali wengine hufupisha kuwa MTX. Ni dawa ya zamani. Ilianza katika tiba ya saratani, na mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya baridi yabisi. Wagonjwa wengi hushtuka wanapoambiwa na mtoto aliyesoma simu kwamba mama anameza dawa ya saratani. Kiasi ndicho tofauti. Kwa viungo, mgonjwa hupewa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki. Katika saratani kadhaa mgonjwa hupewa mamia ya miligramu, au zaidi, kwa mara moja.

Neno la kushika ni hilo: kwa wiki. Watu wamezoea vidonge vya kila siku, vya shinikizo la damu, vya sukari, vya kifua. Mkono humeza bila kuuliza. Methotreksati ikimezwa kila siku hujikusanya mwilini, huzima uboho unaotengeneza chembe za damu, huchubua kinywa na utumbo, na huua. Makosa ya namna hii yametokea nchi nyingi, zikiwemo zile zenye hospitali kubwa na kompyuta kila mezani. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lililazimika kuweka masharti mapya kwa sababu ya jambo hilohilo, ikiwemo onyo kwenye pakiti na kadi ya kumkumbusha mgonjwa.

Kwa hiyo mgonjwa na daktari wachague siku moja na kuiandika kwa herufi kamili kwenye pakiti: IJUMAA, au siku yoyote watakayokubaliana. Wengine huchoka siku inayofuata, kwa hiyo mwenye zamu ya kuvuna waru Jumatatu asichague Jumapili usiku. Akisahau siku yake, anaweza kumeza ndani ya siku mbili zinazofuata. Zikipita, asubiri wiki nyingine, na asimeze kiasi cha wiki mbili kwa pamoja hata akihisi viungo vinawaka.

Kuna kosa jingine lisilojulikana sana. Vidonge huja vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, na vinaweza kufanana. Mgonjwa aliyezoea kumeza sita vya 2.5 anapata miligramu 15. Siku moja duka la dawa linampa vya 10, naye anameza sita kama kawaida. Hizo ni miligramu 60, mara nne ya alichoandikiwa. Kabla ya kuondoka dirishani mgonjwa asome namba kwenye pakiti, na kama macho hayaoni, aombe mfamasia amsomee kwa sauti. Si aibu. Mfamasia mzuri hupenda kuulizwa.

Madhara ya kawaida ya methotreksati ni kichefuchefu, vidonda vidogo mdomoni, nywele kupungua na uchovu. Mengi hupungua kwa asidi ya foliki, kidonge cha manjano cha bei ndogo ambacho daktari huandika pamoja nayo, kwa kawaida siku tofauti na ile ya methotreksati. Mgonjwa ambaye hakuandikiwa asidi ya foliki ana haki ya kuuliza kwa nini. Kumeza dawa usiku baada ya kula husaidia, kwa kuwa kichefuchefu humkuta mtu amelala. Kisiposikia, daktari anaweza kugawa kiasi cha siku hiyo mara mbili ndani ya siku ileile, kupunguza, au kubadilisha kuwa sindano, ambayo wengi huivumilia kuliko vidonge.

Tuseme mama mmoja anamwendea tabibu baada ya wiki tano.

"Mwanangu, hii dawa yenu inanitapisha kila Jumamosi. Nimeiacha."

"Pole, mama. Umeiacha lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Ulikuwa unameza saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya kwenda kukama."

"Na tumbo tupu?"

"Chai tu."

Mazungumzo ya dakika tatu kama hayo huokoa matibabu ya mwaka mzima. Yasipofanyika, kadi itaandikwa kwamba dawa imeshindwa, na mama atahamishiwa dawa ghali zaidi au ataenda kwa mwenye mizizi.

Sasa yale yasiyongoja kliniki. Mgonjwa wa methotreksati akipata homa, koo kuuma sana, vidonda vingi mdomoni, michubuko au damu ya fizi bila kugongwa, macho ya manjano, au kikohozi kikavu chenye kukosa pumzi, asimeze kidonge kinachofuata na aende hospitali siku hiyo hiyo. Homa kwa mgonjwa huyu haitibiwi na panadol na blanketi. Huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka, na maambukizi yakapanda haraka kuliko boda boda inavyofika.

Dawa moja ya kawaida sana hapa nchini haipatani kabisa na methotreksati. Ni kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin. Hutolewa kwa kikohozi, kwa mkojo kuchoma, kwa kuhara, na watu wengine wanaoishi na virusi vya Ukimwi huimeza kila siku. Zote mbili huzuia kazi ya foliki mwilini, na pamoja zinaweza kuangusha damu ya mtu ndani ya siku chache. Dawa ya malaria aina ya Fansidar huingia kundi hilo pia. Kwa hiyo kila anapotibiwa jambo lolote, hata jino, mgonjwa aanze kwa kusema: "Ninameza methotreksati kila wiki." Asisubiri kuulizwa, maana zahanati ikiwa na foleni hataulizwa.

Pombe ni mzigo kwa ini lilelile linaloshughulika na dawa, iwe ya chupa au ya kienyeji, na ile isiyojulikana imechanganywa na nini ni mbaya zaidi. Kuhusu miraa na muguka, hili ni eneo ambalo mazao hayo yamesomesha watoto wengi, lakini ukweli wa kitabibu haubadiliki: hupandisha shinikizo la damu, hukata hamu ya kula kwa mtu ambaye tayari amekonda, na madaktari wamewahi kuripoti watu walioumia ini baada ya kutafuna kwa muda mrefu. Mgonjwa anayetafuna amwambie daktari. Kuficha hakulindi ini.

Dawa tamu kuliko zote

Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mmoja kijana aliyelemazwa na baridi yabisi dawa mpya iliyoitwa kotisoni. Baada ya siku chache alisimama na kutembea. Magazeti yaliita muujiza, na mwaka 1950 Hench pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini kabla hata ya tuzo hiyo madaktari walikuwa wameanza kuona upande wa pili: nyuso kuvimba, akili kuvurugika, na ugonjwa kurudi kwa ukali mara dawa inapokatwa.

Prednisoloni na deksamethasoni ni ndugu wa kotisoni hiyo, na muujiza wao unauzwa leo madukani na sokoni. Mtu anaumwa viungo miezi mitatu, anapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye karatasi isiyo na jina, na asubuhi inayofuata anakama ng'ombe. Anamsifu aliyempa. Baada ya miezi sita uso umekuwa wa mviringo, shingo imenenepa, sukari imepanda, ngozi inachubuka kwa kuguswa, na mfupa wa uti wa mgongo unaweza kuvunjika kwa kubeba debe la maji. Watu humwambia amenawiri. Hajanawiri.

Katika mikono ya daktari, prednisoloni ina kazi yake. Hutolewa kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, kama daraja la kumvusha mgonjwa hadi methotreksati ianze kushika. Tatizo ni daraja kugeuzwa makazi. Dawa yoyote ya mitishamba au ya chupa inayoondoa maumivu ya viungo usiku mmoja inafaa kushukiwa, kwa sababu katika nchi nyingi maabara zimekuta dawa za aina hiyo zimechanganywa kisiri na steroidi au vituliza maumivu. Mti haufanyi kazi kwa saa sita namna hiyo.

Na hapa kuna onyo linalookoa maisha. Mtu aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, hata kama alizipata kwa njia isiyo halali, asiziache ghafla baada ya kusoma maneno haya. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza steroidi ya asili, zimelala kwa kuona kazi inafanywa na kidonge. Kidonge kikikatwa ghafla, mgonjwa hulegea, hutapika, shinikizo hushuka, huzimia, na anaweza kufa. Huteremshwa polepole, kwa ratiba ya daktari. Yule anayejua alipewa vidonge visivyo na jina avibebe vyenyewe hospitalini, na pakiti kama ipo. Hakuna atakayemkamata kwa kuugua.

Wakati anaendelea nazo, kupima shinikizo la damu na sukari si lazima kusubiri kliniki. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa hivyo, na wanajulikana kijijini kwa majina. Kwa mifupa, maziwa ya hapahapa yana kalisi nzuri. Inasikitisha kuona nyumba inayopeleka maziwa yote kwenye lori la asubuhi huku mama mwenye kumeza prednisoloni akinywa chai ya rangi.

Vituliza maumivu

Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana hata kwenye kioski, na ndizo dawa ambazo watu huziona hazina neno. Zina neno kubwa. Huchubua tumbo, na kidonda kinaweza kutoa damu bila kuuma kwanza. Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, au matapishi yakiwa kama majivuno ya kahawa, hiyo ni dharura. Kula kabla ya kumeza husaidia kidogo tu, kwa kuwa dawa hudhuru tumbo ikishaingia kwenye damu pia. Mwenye zaidi ya miaka 65, aliyewahi kuwa na vidonda, au anayemeza prednisoloni pamoja nazo, huhitaji dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli, na daktari ndiye wa kuamua.

Wengi humeza mbili za aina moja bila kujua, ya hospitali asubuhi na ya kioski jioni, kwa kuwa majina ni tofauti. Wazee wanaomeza dawa za shinikizo la damu wako hatarini zaidi. Enalaprili au losatani, kidonge cha kukojoa, na diklofenaki juu yake, vikikutana siku ambayo mtu anahara au hajanywa maji shambani, figo zinaweza kusimama. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi, mradi mtu mzima asipitishe gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au aliyekonda sana apewe kiasi chake na daktari.

Macho, mkojo wa rangi na mambo mengine

Haidroksiklorokwini ilitokana na dawa za malaria, na kwa ugonjwa huu ni mojawapo ya dawa pole. Waafrika wengi huijua familia yake kwa kuwasha mwili. Jambo la kufuatilia ni macho. Ikitumiwa miaka mingi, au kwa kiasi kinachozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, inaweza kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, na uharibifu huo haurudi. Mgonjwa wa kilo 60 kwa hesabu hiyo hapaswi kupita miligramu 300 kwa siku. Apimwe macho mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano kila mwaka. Mwenye figo dhaifu apimwe mapema zaidi. Kupima kunakohitajika ni kwa nyuma ya jicho, wala si kuuziwa miwani mnadani.

Salfasalazini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Haina ubaya, lakini mtu asipoambiwa hudhani anakojoa damu na kuitupa dawa chooni. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa, akatoka vipele au kuchubuka, aseme kabla ya kuandikiwa. Leflunomaidi huleta kuhara na kupandisha shinikizo la damu, na hukaa mwilini muda mrefu sana, hata hadi miaka miwili baada ya kuacha.

Hilo la mwisho ni muhimu kwa akina mama wanaotaka mtoto. Methotreksati na leflunomaidi huharibu mimba. Mwanamke anayezimeza anahitaji njia ya uhakika ya kupanga uzazi, na akitaka kuzaa, azungumze na daktari miezi kadhaa kabla, ili ahamishiwe dawa zinazoruhusiwa kama haidroksiklorokwini au salfasalazini. Mimba ikiingia kwa bahati, aache methotreksati na aende hospitali mara moja. Mume aandamane naye siku ya mazungumzo hayo. Mara nyingi yeye ndiye anayeuliza kwa nini nyumba inakawia mtoto, na mke hubaki kubeba swali peke yake.

Kwa kuwa dawa nyingi hizi hutuliza kinga, kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda havisingiziwi baridi ya mlima. Wachache wanaopata dawa za kisasa za sindano zinazozuia kinga kwa nguvu zaidi hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza. Chanjo zenye viini hai, kama ile ya homa ya manjano, huulizwa kwanza kwa daktari.

Damu, daftari na nauli

Madhara makubwa ya ini na damu huanza bila dalili. Kwa hiyo mgonjwa wa methotreksati au leflunomaidi hupimwa picha kamili ya damu, ini na figo kabla ya kuanza, kisha kila wiki mbili hivi mwanzoni, na akishatulia kila miezi miwili au mitatu. Hapa ndipo wengi wa Kibirichia wanapoishia njiani, na si kwa uzembe. Bei ya viazi ikianguka hakuna nauli ya Meru mjini, wala pesa za maabara.

Wataalamu wa viungo nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, lakini vipimo havihitaji mtaalamu. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa na mtaalamu, au katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, aombe barua inayosema vipimo gani vifanywe na lini, kisha aulize hospitali ya Kibirichia ni vipi vinaweza kufanyiwa hapo. Kabla ya safari aulize pia dawati la SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni huduma zipi zinalipiwa. Kuuliza kabla ni nafuu kuliko kurudi mikono mitupu.

Daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Ndani yake iandikwe jina la dawa, miligramu, siku ya kumeza, tarehe na majibu ya kila kipimo, na kila jambo geni mwilini na siku lilipoanza. Kama vidole havishiki kalamu, mjukuu aandike. Daktari anayebadilishwa kila miezi sita hamjui mgonjwa, ila daftari linamjua. Na mtu mmoja nyumbani ajue siku ya methotreksati ni ipi, ili akiona mzee anaimeza siku nyingine amzuie.

Mwisho ni kuripoti. Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini, ina fomu ya manjano kwa madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa, na fomu ya waridi kwa dawa yenye ubora wa kutiliwa shaka, mathalani vidonge vinavyovunjika unga, vilivyobadilika rangi au visivyofanya kazi. Kenya imekuwa mwanachama kamili wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 2010, na ripoti za hapa hujumlishwa na za nchi nyingine. Si lazima mgonjwa awe na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru. Kushuku kunatosha, na fomu haimshtaki mtu wala hospitali. Mgonjwa au jamaa anaweza kumwomba muuguzi, tabibu au mfamasia aijaze pamoja naye, akiwa na pakiti mkononi. Kwa hiyo pakiti isitupwe jalalani kabla dawa haijaisha.